Ng'ombe wa Maboma Sita

Jumatatu, 7 Julai
Nipo Matambarale tangu asubuhi, nauliza idadi ya ng'ombe. Maboma sita ya wafugaji, jibu moja: wapo wachache tu. Mimi afisa mifugo mzima wa kata, na sijui kata yangu ina ng'ombe wangapi. Mwaka jana nilikisia dozi za chanjo ya chambavu, ugonjwa unaoua ndama ghafla. Zikapungua. Mzee Masanja akapoteza ndama wanne. Sijajisamehe. Oda ya mwaka huu mwisho Jumatatu ijayo.

Nawaelewa lakini. Wamehamia huku toka Kanda ya Ziwa. Idadi ikisikika, mwizi naye kasikia, na wakulima wanaanza kusema mifugo imezidi.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata njia nikiwa namenya mihogo. Nachagua namba ya siri, elfu nne na kitu. Namtumia Masanja kwa meseji. Anajumlisha ng'ombe wake, anamtumia wa pili. Wa pili anajumlisha wake, anamtumia wa tatu. Wa sita ananirudishia mimi. Natoa namba yangu ya siri, inabaki jumla ya wote. Kila mtu kaona namba kubwa isiyomwambia kitu.

Masanja aliuliza, "Kwa hiyo hata wewe dokta, zangu huzijui?" Hata mimi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Najiona nina akili kuliko Ruangwa nzima.

Alhamisi, 10 Julai
Akili gani. Nilipanga foleni kwa kufuata barabara, boma hadi boma. Mmoja wa wale sita, Mabula, akaangukia katikati ya Shija na shemeji yake Shija. Hao wawili wakakutana kibanda cha chai, wakaweka simu zao pamoja. Namba aliyotuma Mabula, toa aliyopokea. Basi. Walikuwa wanatania tu. Saa kumi soko zima linajua ng'ombe wa Mabula.

Nimemfuata kumwomba radhi. Hakunipa kiti. Akataka niifute ile jumla niliyokwisha kuipata, nimeifuta mbele yake. Nimelia njia nzima kwenye pikipiki.

Jumamosi, 12 Julai
Sikwenda Ruponda kwa mama. Nimeshinda na karatasi. Raundi mbili. Kila mtu agawe ng'ombe wake mafungu mawili, anavyotaka mwenyewe. Fungu moja raundi ya kwanza, la pili raundi ya pili. Na raundi ya pili foleni ivurugwe, kila mtu apate majirani wapya. Wawili wakilinganisha simu, wanapata kipande tu.

Jumapili, 13 Julai
Nimeanza kwa Mabula. Kasoma karatasi yote. Kawaita Shija na shemeji yake, wafanye kwanza kwa namba za uongo, wajaribu kumvua nguo tena. Wamehangaika na simu saa nzima. Wameshindwa. Shija kaomba radhi, kichwa chini.

Mabula kaweka sharti moja: namba ya siri achague yeye, siyo mtu wa serikali. Sawa.

Saa tisa, baada ya raundi zote mbili za kweli, kaniletea jumla ya wote. Nimeagiza chanjo. Najivunia, na asije mtu kuniambia nipunguze.

Jumanne, 29 Julai
Siku ya kuchanja. Nimekwenda na hofu: ng'ombe wakipita kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya kuchanjia, boma kwa boma, nitawahesabu nitake nisitake. Kazi yote bure. Sikuwa nimeliwaza hilo mpaka leo njiani.

Wao waliliwaza. Nimekuta ng'ombe wa maboma yote sita kundi moja, wamechanganywa kabla sijafika. Hilo sikuwafundisha mimi. Nimechoma sindano mpaka mkono umekufa ganzi, alama za masikio zinazotaja mwenye ng'ombe sikuzitazama hata moja. Hakuna ng'ombe aliyekosa. Zimebaki dozi tatu. Mke wa Mabula kanipa maziwa, na kiti.

Jumatano, 30 Julai
Mtendaji wa kata kapiga simu asubuhi. Anataka orodha, kila boma na idadi yake. Nimemwambia sina. Kasema basi nikadirie. Nimemwambia siwezi.

Nimefua koti la kazi, nimelianika. Ni kweli siwezi.