Maboga ya Machenza

Carrollton, Texas
Novemba 2018

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na kifua hakikusumbui, maana najua vuli ikianza Muheza hulali vizuri. Ile dawa ya kuchua unaitumia? Mdogo wangu Elia ameniambia unaificha kabatini, unasema inanuka. Paka, Mama. Inuke tu. Sisi huku ni wazima. Mkwe wako bado yuko kwenye lile ghala la Mesquite, anaondoka kabla hakujakucha na kurudi mgongo ukimuuma, lakini analalamika huku anacheka, kama unavyomjua. Mimi naendelea na wazee wangu kule kwenye nyumba ya kulelea, shifti ya usiku.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu Mama Glory, rafiki yangu wa kanisani ambaye kwao ni Korogwe, anakuja kuwaona wazazi wake, na amekubali kukufikishia barua hii mkononi. Simu ya Elia haifai kwa maneno haya. Ukiipokea tu, uani wote wanasikia, mpaka jirani anaitikia salamu. Haya ni yako kwanza. Kwa hiyo tafuta miwani, ingia chumbani, kaa.

Ni habari za Upendo. Usishtuke, haumwi.

Kila Jumapili unaniuliza, "Mtoto anaendeleaje?" nami nakujibu hajambo, anakula, anasoma. Ni kweli. Ila tangu umpandishe ndege mwezi wa sita kuja kwetu, mwanangu amekaa humu ndani kama mgeni mwenye adabu. Anaomba ruhusa kufungua friji. Akimaliza kula anasema asante, anaosha sahani yake, anakaa pembeni ya kochi kama anayesubiri kuitwa. Nilimwacha kwako ana miaka mitatu, nimempata ana minane, na huwezi kumlazimisha mtoto akuzoee. Aliyemzoea ni Brayan peke yake. Yule mdogo wake humrukia mgongoni, anamsemesha Kiingereza, naye anajibu Kiswahili, na sijui wanaelewana vipi, lakini wanaelewana.

Sasa huku, Mama, mwezi wa kumi watu wana sikukuu yao ya kutishana inayoitwa Halloween. Watoto wanavaa kama mizimu na wachawi, wanapita nyumba hadi nyumba kuomba pipi. Wenye nyumba nao wanapamba: maboga yaliyochongwa macho, buibui wakubwa kama beseni, mifupa ya plastiki. Ukiiona mwaka wa kwanza unakemea kwa jina la Yesu. Mwaka wa tatu unapita tu, unatafuta pa kuegesha gari. Mimi nilikuwa nimeshazoea, na ndiyo maana haikunijia kabisa kumweleza Upendo.

Ng'ambo ya barabara yetu anakaa mzee mmoja Mmarekani, Bwana Carl, anayeishi peke yake na mbwa wake. Yeye huwa hapambi kidogo. Mwaka huu aligeuza bustani ya mbele kuwa makaburi: mawe yenye majina, mikono inayotoka ardhini, na mafuvu mawili yamekaa kwenye viti kama wazee wanaosubiri kahawa. Na basi la shule husimama palepale mbele yake.

Asubuhi moja narudi kazini, macho mazito, nataka kitanda. Nafika nyuma ya nyumba nakuta begi la shule, na nyuma ya mapipa ya taka Upendo amechuchumaa, sare safi, nywele nimezisuka mwenyewe.

"Upendo! Basi limekuacha?"

Akasimama, akaamkia kwanza. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona hujaenda shule?"

Akaangalia chini. "Mama, pale pana msiba."

"Wapi?"

"Kwa yule babu mzungu. Wamezikwa watu wengi, na wengine hawajafunikwa vizuri. Na watoto wa basi wanapita wanacheka. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kutoa pole."

Mama, nitakuambia ukweli, nilicheka. Si kwa ubaya, ni uchovu, na ni namna alivyolisema kwa uzito kama mzee wa kanisa. Nikamkumbatia, nikamweleza kwamba ni mchezo, ni plastiki, hakuna aliyekufa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa Mama." Nikampeleka shule kwa gari. Lakini nilimjua hakuniamini, au aliniamini na bado kuna kitu kimebaki. Siku zilizofuata alikuwa akitoka mlangoni anageuza uso ukutani mpaka basi lifike.

Mama Glory kila mwaka hukusanya watoto wetu nyumbani kwake, wa Tanzania, wa Burundi, wa Kongo, ili wasizunguke milango ya watu wasiowajua. Kila mzazi anakuja na kitu cha kula. Mwaka huu alitutumia ujumbe: visiwe na karanga, kuna mtoto zikimgusa anavimba; na visiwe pipi tupu, meno yao yameshaoza. Basi kashata zangu zikawa zimekufa hapo. Brayan akaniletea simu, amepata picha: ndizi zilizogeuzwa mizimu na machenza yaliyogeuzwa maboga.

"Mommy, it's so easy! Please!"

Na kweli ni rahisi, hata Elia angeweza. Ndizi unaimenya, unaikata katikati, unaisimamisha, unaibandikia vipande vidogo vya chokoleti viwe macho na mdomo. Chenza unalimenya zima bila kulivunja, unachomeka juu kijiti cha pilipili hoho ya kijani, tayari ni boga. Tukaongeza bisi za kugandishwa na sukari, tukazifinyanga mabonge.

Jumamosi asubuhi tukajipanga mezani. Baba yao alikuwa kazini. Brayan akashika ndizi, kila anayoimaliza anatutisha nayo: "Boo!" Anaila nusu. Upendo nikampa machenza. Alikaa wima, akawa anamenya taratibu, ganda linatoka kipande kimoja, kisha anatoa na zile nyuzi nyeupe moja moja mpaka chenza linang'aa. Nikamwambia, "Usijisumbue na nyuzi, mwanangu, hao watoto hawataziona." Akaendelea kuzitoa.

Brayan akamsogezea ndizi usoni. "This one is a ghost. Ghost is a dead person but he comes back!"

"Anasemaje?" Upendo akaniuliza.

Nikamtafsiria: mzimu ni mtu aliyekufa, ila anarudi.

Akatikisa kichwa. "Babu wa Muheza hawezi kurudi hivi." Vidole vikasimama juu ya chenza. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Babu alinituma chenza."

"Lini?"

"Siku ile."

Mama, nilikuwa nakoroga sukari jikoni. Nikazima jiko. Nikaja nikakaa karibu naye, nikachukua chenza na mimi, nikaanza kumenya ili asione kwamba nimeacha kila kitu. Nikamwambia, "Nieleze."

Akanieleza. Alitoka shule mchana, wewe ulikuwa umekwenda mashine kusaga, Elia yuko shamba. Baba yangu alikuwa kwenye kile kitanda cha barazani. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nichumie chenza moja kule nyuma." Akaenda, akachuma. Baba akamwambia ammenyee, mkono wake mmoja haumsaidii. Akammenyea, akamtolea nyuzi, maana Babu alikuwa hazipendi, alisema zinamkwama kooni. Baba akala vipande vichache, akasema, "Tamu. Na wewe kula." Wakala pamoja. Wakaongea habari za baiskeli, kwamba akipona atamtengenezea ndogo kwa vipuri vilivyobaki karakana. Kisha Baba akasema anasikia baridi miguuni. Upendo akaingia ndani, akachukua kanga yako, akamfunika.

"Akalala," akasema. "Alikuwa anakoroma kidogo. Nikaenda kuruka kamba kwa kina Mwajuma. Niliporudi watu walikuwa wamejaa, na Bibi amekaa chini."

"Mbona hukumwambia mtu?"

Akaweka chenza mezani. "Wote walikuwa wanasema Babu amekufa peke yake. Bibi naye alikuwa analia hivyohivyo, 'Amekufa peke yake, amekufa peke yake.' Nikaona wakijua nilikuwepo, wataniuliza mbona nilimwacha nikaenda kucheza."

Mwaka mzima na zaidi, Mama. Ameubeba mzigo huo kwako, akapanda nao ndege, akaja nao huku, akawa anaosha nao sahani. Na mimi ambaye sikuja kumzika baba yangu, kwa sababu makaratasi ya mtoto yalikuwa katikati na tuliambiwa nikitoka yanaanza upya, nilikuwa sijui chochote cha siku ile zaidi ya ulichoniambia kwa simu. Ndiyo kwanza naambiwa baba yangu alivyomaliza siku yake, naambiwa na mtoto, mikono yetu imejaa maganda.

Nikamshika uso. Nikamwambia, "Nisikilize. Ulipotoka alikuwa anakoroma?"

"Ndiyo."

"Basi hukumwacha akifa. Ulimwacha akilala. Mtoto akimwona babu yake amelala, ameshiba, amefunikwa, anafanya nini? Anakwenda kucheza. Hata yeye angeamka angekwambia nenda."

Nikamweleza na la kazini kwangu, kwamba nimekaa na wazee wengi mwishoni mwao, na kuna wengi wanaosubiri mtu wao atoke kidogo ndipo waondoke. Sijui kwa nini. Sisi tunaofanya kazi ile tunalijua hilo, hata jamaa zao tunawaambia. Akaniuliza, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Ndipo akalia, Mama, kilio cha sauti, kile ambacho nadhani hakukilia siku ya mazishi. Akanikalia mapajani na urefu wake wote, akanishika nguo. Na mimi nikalia wangu.

Brayan akatuangalia, mdomo umejaa bisi. Akachukua boga moja la chenza, lile alilojiwekea pembeni liwe lake, akamfungua dada yake mkono akamwekea. "You can have mine."

Tulipomaliza kunawa nyuso, Upendo akapanga maboga na mizimu kwenye sinia, kisha akatoa machache akayaweka kwenye sahani nyingine. "Haya ya yule babu mzungu. Kama si msiba, basi tukamwamkie. Hatujawahi kumsalimia."

Tukavuka barabara watatu, mimi na kanga kiunoni na sukari kwenye viwiko. Bwana Carl akafungua mlango, akastaajabu, akala mzimu mmoja palepale amesimama. Nikamweleza kwa ufupi kwamba binti yangu ni mgeni na makaburi yake yamemtia hofu. Yule mzee hakucheka. Alishuka mpaka bustanini, akapiga goti kwa taabu, akamwita Upendo kwa mkono, akamwonyesha jiwe alinyanyue. Upendo akaliinua kwa mkono mmoja. Kumbe ni lile povu gumu wanalofungashia televisheni, limepakwa rangi.

"Jepesi!" akasema, akalinyanyua na la pili. Halafu akalirudisha taratibu. "La Babu lilibebwa na wanaume wanne."

Bwana Carl akaniuliza amesemaje. Nikamwambia. Akavua kofia, akamwangalia mtoto machoni, akampa pole. Pole kabisa, Mama, kama mtu wa kwetu aliyekuja matangani. Upendo akaitikia kwa Kiingereza chake cha kwanza mbele yangu: "Thank you, sir." Jumatatu tulikuta mawe yote ameyahamishia upande wa pili wa bustani, mbali na basi.

Kwa Mama Glory maboga yaliisha kabla ya chakula. Ndizi zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi, watoto wa Kikongo wakasema ni mizimu ya Kiafrika, wakazimaliza pia. Upendo aliruka kamba mpaka jioni.

Sasa nisikilize, Mama. Jumapili baada ya kuipata hii, tukipiga simu nitamwachia yeye, mimi nitatoka nje na Brayan. Anaogopa utamgombeza. Usimuulize mengi. Uliwahi kuniambia ulivyomkuta Baba, kanga yako imemfunika miguu, ncha zimekunjwa vizuri chini ya visigino, nawe ukashangaa aliwezaje kwa mkono mmoja. Sasa umejua ni nani. Hakuondoka peke yake, Mama. Aliondoka na utamu wa chenza mdomoni, na mjukuu wake alikuwa ametoka tu. Mwambie asante. Hilo tu ndilo anahitaji kulisikia, na wewe ndiye pekee unayeweza kulisema.

Nisalimie Elia mdogo wangu, mwambie ng'ombe ni wa kukamuliwa mapema, si saa anayotaka yeye. Nisalimie shangazi Naomi, dada yake Baba, na umsomee sehemu ile ya kanga akiwa amekaa. Salamu kwa mama yake Mwajuma jirani yetu, na Mwajuma mwenyewe, mwenye kamba. Mkwe wako anakuamkia, anasema dawa ya kuchua ikikushinda kwa harufu umrudishie, mgongo wake hauchagui.

Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu. Ni mimi binti yako, Ester.

Upendo yuko hapa begani anasoma. Anasema nisiandike kwamba alilia. Basi, Mama, hilo hukulisoma kwangu.