Chavua Inayochelewa Kuinama

Jumatatu, Novemba 9, 1953

Siku ya kumi na tisa, mguu juu ya mto. Chai na vitumbua viwili. Treni ya Mwanza imepiga honi, nikatazama saa. Imechelewa dakika sita. Gadi mwingine anaisimamia, ameshika bendera yangu. Nimechukia.

Niliteleza nikishuka kwenye behewa langu siku ya mvua ya kwanza. Mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili. Daktari anasema plasta ikae hadi karibu na mwaka mpya, halafu "tutaona". Neno hilo silipendi.

Mama Asha, mke wangu, ananitoa nje hadi barazani kila asubuhi. Yeye anadarizi kofia, mimi namsumbua. Nimezoea kuandika safari za treni. Sasa sina safari, naandika haya.

Jumatano, Novemba 11

Ua la Mama Asha limechanua. Alilichimbua kando ya njia ya Kwihara miaka mitatu iliyopita, akitoka msibani, akalipanda kwenye debe bovu. Bua moja refu, maua ya njano kama vipepeo waliopangwa. Sikuwahi kulitazama. Novemba huwa niko njiani.

Leo amekuja nyuki mkubwa mweusi, yule anayetoboa boriti zetu. Akajisukuma ndani ya ua. Alipotoka alikuwa na vidonge viwili vya njano mgongoni, kama abiria wasio na tiketi. Akapita ua la pili, la tatu, akaenda zake. Nilimpima kwa saa. Hakufika dakika moja.

Nimekaa nikimngojea mwingine hadi adhuhuri. Mguu nimeusahau.

Ijumaa, Novemba 13

Mwalimu Elia amekuja baada ya shule. Jirani yetu, anafundisha shule ya kanisa la Moravian. Nikamweleza nyuki na vidonge. Akarudi kwake kuchukua kioo cha kukuzia.

Anasema mmea huu huitwa okidi, na vidonge ni chavua, unga wa kiume wa ua, uliogandamana. Akachonga kijiti cha kiberiti, akakiingiza ndani ya ua kama nyuki anavyojisukuma. Kikatoka na vidonge vimenata, vimesimama wima.

"Sasa shika saa yako," akasema.

Sikuona kitu. Kisha nikaona. Kikonyo kilichobeba vidonge kilikuwa kinainama, polepole kama mkono wa ishara ya reli unaoshushwa. Karibu dakika nne ndipo kilipolala mbele kabisa.

"Kikiwa wima hakigusi pale panapopokea chavua," akasema. "Kikiinama ndipo kinagusa. Na nyuki wako alikaa muda gani hapa?"

"Hakumaliza dakika."

"Basi kikiinama, yeye yuko kwenye mmea mwingine."

Nikauliza nani aliyelifundisha ua kungoja.

"Hakuna aliyelifundisha. Mmea ukijipa chavua yake wenyewe, mara nyingi watoto huwa dhaifu. Huenda zamani sana okidi nyingine ziliinamisha upesi, nyingine zilichelewa kidogo tu. Za upesi zilijizalisha zenyewe, watoto wakashindwa na kiangazi. Zilizochelewa chavua yake ilifika kwa jirani. Watoto wakaishi, wakarithi kule kuchelewa. Vizazi na vizazi, kidogo kidogo."

Nikamuuliza kama kanisani kwake wanakubali maneno hayo. Akasema kanisani hawajamuuliza.

Jumapili, Novemba 15

Mama Asha alikuwa anasikiliza juzi, sindano mkononi. Leo ameuliza, "Kwa hiyo hili langu halizai kwa sababu liko peke yake?"

Nikamwambia tujaribu. Nikachukua chavua ya ua moja, nikaingoja iiname, nikalirudishia ua lilelile. Mkono ulitetemeka. Yeye akafunga uzi mwekundu pale ili tusilipoteze.

Jumatatu, Novemba 23

Lenye uzi limeanguka. Lilivimba kidogo shingoni, likageuka manjano iliyokufa, likadondoka. Mama Asha ameliokota, akaliweka dirishani.

Nimesema lingehitajika ua la mmea mwingine. Akajibu hapohapo kwamba Bukene, karibu na kwa kaka yake, yamejaa kando ya reli. Atakwenda.

Nikasema hajui mambo ya treni.

"Miaka ishirini na mbili ni mke wa gadi," akasema. "Sijapanda treni hata siku moja. Hukuwahi kuniuliza kama nataka."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Nilijitetea kwamba kulikuwa na mtoto, kulikuwa na nyumba. Asha ameolewa Kigoma mwaka wa tano sasa.

Alhamisi, Novemba 26

Ameondoka asubuhi. Kitenge cha kijani, kikapu, debe dogo la maji kwa ajili ya maua. Mwalimu amemsindikiza stesheni. Atarudi Jumamosi.

Nimesikia honi. Nilijua kila kona atakayopita. Haikunisaidia.

Mke wa Mwalimu ameleta ugali na majani ya kunde. Nimekula nusu.

Jumamosi, Novemba 28

Mvua tangu jana. Treni haijaja. Saa kumi na nusu, kimya. Saa kumi na mbili, kimya.

Jumapili, Novemba 29

Nimetoka kwa magongo hadi stesheni. Plasta imelowa, daktari atasema. Karani ananifahamu, hakunificha. Maji yamekula tuta la reli upande wa Bukene. Treni imesimama porini. Watu hawajadhurika, anavyosikia.

Anavyosikia.

Nilikaa kwenye benchi na wanawake waliokuwa wakingoja. Mmoja alinisogezea nafasi bila kuniuliza kitu. Mara ngapi nimechelewa siku mbili, nikarudi nikitaka chakula kwanza? Mama Asha alikuwa akipakua tu. Nilidhani hana wasiwasi.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumatatu, Novemba 30

Amekuja. Alasiri. Abiria walivushwa kwa miguu penye tuta lililobomoka, upande wa pili wakapandishwa treni iliyotoka huku Tabora. Tope hadi magotini. Kikapu kichwani.

Nilikuwa nimesimama penye mlango wa stesheni. Akanitazama, akatazama plasta.

"Baba Asha, nani amekuruhusu kutembea?"

Nikasema hakuna. Akachukua gongo moja, akanipa bega lake badala yake. Tulikwenda hivyo hadi nyumbani Cheyo, taratibu. Njiani akanisimulia. Walilala kwenye behewa siku mbili. Mama mmoja wa Nzega aligawa viazi. Alfajiri ya jana aliona twiga watatu kando ya reli. Mimi katika miaka yote hiyo sijawahi kuona twiga pale. Nilikuwa natazama saa.

Jumanne, Desemba 1

Maua ya Bukene yamefika hai, yamefungwa kitambaa kibichi. Lake lilikuwa limebakiza maua matatu ya juu. Mwalimu alitoa kioo, lakini mikono ilikuwa ya Mama Asha. Mikono ya kofia haitetemeki. Alitoa chavua ya Bukene kwa kijiti, akangoja iiname, mimi nikihesabu kwa sauti. Akaigusisha. Ua la kwanza, la pili, la tatu.



Ijumaa, Januari 8, 1954

Plasta imetoka. Mguu umekuwa mfupi kidogo. Barua imekuja: sitarudi kwenye treni. Nitakuwa ofisi ya vifurushi.

Nimelia. Mama Asha amenikanda mguu kwa mafuta ya ufuta, hakuniambia ninyamaze. Baadaye akaniita nitazame. Ua moja lilidondoka mwezi uliopita. Mawili yamekuwa matunda ya kijani, yananing'inia, marefu kama kidole changu.

Jumapili, Machi 14

Matunda yamekauka, moja limepasuka leo asubuhi. Mbegu zake ni vumbi jepesi kuliko unga. Mwalimu anasema ni maelfu, na labda moja itaota, labda hakuna, maana zinahitaji kuvu fulani ya ardhini. Mama Asha amelipeleka tunda nyuma ya nyumba, penye miti, akalitikisa. Upepo ukachukua. Amebakiza lile lingine lipasuke lenyewe.

Vifurushi si kazi mbaya. Naanza saa moja, narudi saa tisa. Nakula mchana nyumbani.

Nimepewa ruhusa ya siku nne. Tunakwenda Kigoma kwa Asha. Mama Asha amesema atakaa dirishani.