Mke wangu ana 19, mimi nilikuwa na 148

Shikamoo mshauri Ludovika, naomba unisaidie maana nimeanza kumtilia shaka mke wangu Letisia na sipendi kufanywa mjinga. Mimi ni mkulima wa vitunguu saumu hapa Tlawi, nilianza na beseni moja sokoni, leo nina mashine ya kusaga, hesabu hazinipigi chenga. Mwaka jana nilipata nimonia, kipimo cha damu cha CRP, kile kinachoonyesha kama kuna uvimbe ndani ya mwili, kikasoma 148, nikachomwa sindano, baada ya muda nikarudi shambani na namba ikashuka mpaka 6. Sasa Letisia analalamika vidole vinakakamaa tangu Pasaka, nikampeleka hospitali, kipimo kilekile kimesoma 19 tu, lakini daktari kamwandikia rufaa kwa bingwa, na asubuhi hakamui ng'ombe, hata vifungo vya blauzi anafungiwa na binti yetu Glory, ila jua likipanda namwona anapalilia na kucheka na wenzake, nikimuuliza ananijibu, "Baba Glory, sasa vimefunguka." Vinafunguka vipi kazi ya kukamua ikishaisha? Nakamua mimi, na jirani yangu Cyprian ananiita mama mwenye nyumba. Rufaa nimeizuia, nataka arudi kwao akapumzikie huko. Nimekosea wapi?
Hermani, Tlawi

Marahaba, Hermani. Hesabu umepatia, ulichokosea ni kupima magonjwa mawili kwa mzani mmoja. Kipimo kile kinasema mwilini kuna moto. Hakisemi unaunguza nini, wala utawaka mpaka lini. Nimonia huwaka kama mabua, namba inaruka, dawa ikiingia inashuka. Ugonjwa wa viungo unaweza kufukuta miaka kama samadi kavu, namba ikiwa ndogo, pengine hata ya kawaida, huku vidole vinaliwa. Kama ndio alionao Letisia, atasema daktari akishamshika viungo na kuongeza vipimo vingine, si mimi wala wewe.

Aliyetoka beseni moja mpaka mashine ya kusaga hakosi akili, basi itumie. Huo ushahidi uliomkusanyia mkeo, vidole kukakamaa asubuhi na kulegea mchana, ndio bingwa atakaouulizia kwanza. Mvivu angekwepa jembe. Wako anapalilia, anashindwa kifungo.

Itoe rufaa ulikoiweka. Mpeleke wiki hii, wewe mwenyewe, ukamweleze bingwa ya asubuhi kama ulivyonieleza. Dawa zikiwahi, vidole huokolewa, vikishapinda havinyooki. Kwao asiende. Na Cyprian akikuita mama mwenye nyumba, itika, uendelee kukamua.