Usitie Maji, Baba

4 Juni

Shikamoo baba. Mgongo unaendeleaje? Huku mume wangu mzima, mimi sivyo. Mimba hii hainiachii kitu tumboni, hata uji natapika. Nesi anasema nimepungua, na nisipokula mtoto naye hatakua. Natamani kitu kimoja tu: zile biskuti za marehemu mama. Unga, siagi, sukari, yai, basi. Za dukani zinanuka dawa. Nipikie, baba.

Binti yako

11 Juni

Marahaba mwanangu. Mgongo upo. Nimepika. Nilikoroga na maji kwa nguvu kama zege la kazini, nikafunika na gunia lililolowa zishike. Zimeshika. Fundi wetu kaipiga moja nyundo, nyundo ikaruka. Anasema tuzijengee ngazi. Situmi, utavunja meno. Nimekosea wapi?

Baba yako

18 Juni

Shikamoo baba. Nimecheka, na kucheka nako kunanitapisha. Usitie maji. Wala usikande. Mama alikuwa anasugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayewaza mambo mengine. Ukiona unga umekuwa kama mchanga wenye umande, tia sukari na yai, kusanya, kata. Moto mdogo, juu na chini. Fanya upesi baba, nesi anataka nilazwe.

Binti yako

25 Juni

Marahaba. Nimesugua. Mikono yangu migumu, haikuusikia unga. Nikafumba macho, ndiyo ikausikia. Zilipoanza kunukia, mama yako akawa yuko chumbani anakunja nguo. Nilimsikia. Sikwenda kuangalia. Nikakaa pale pale, zikaungua kidogo, nikaziacha, harufu isiishe. Dereva wa lori la saruji atakuletea. Kula. Ukishindwa useme kweli, nije. Mmoja nimeshamzika, inatosha.

Baba yako

9 Julai

Shikamoo baba. Zimefika. Niliogopa kuonja, nikalala nimeshika moja. Nikaota niko jikoni kwetu, unga unashuka polepole toka juu, hauishi, na mimi natafuna tu. Kuamka, mkono mtupu, shuka limejaa makombo. Mume wangu akakimbilia beseni, akanishikia kidevuni. Tukasubiri kutapika. Tukasubiri. Nje kukapambazuka, naye akachoka, akaliweka beseni chini.

Binti yako