Kazi ya Kusimamisha Zege

Mjukuu wangu Limi,

Mwangaluka. Hapa Dutwa hatujambo, na bibi yako amemaliza kuchuma pamba.

Unauliza kama ubaki kuchora majengo kwenye kompyuta, au uchukue kazi ya kulinganisha michoro ya wahandisi wote, yenye mshahara mkubwa lakini inayokutisha.

Ujanani tulijenga ghala Malampaka. Zege lilikuwa limeshakorogwa na tulikuwa tunataka kulimwaga kwenye mbao za nguzo, nikaona kwenye mchoro wa pili, ule wa milango, kwamba nguzo ile inasimama katikati ya mlango.

"Simameni!" nikapiga kelele.

Msimamizi akanijia juu. "Zege hili likiganda bure, kazi huna."

Mafundi wote walinitazama. Magoti yakinitetemeka, nikamwonyesha karatasi zote mbili. Alizisoma, akazirudia, kisha akawaambia wenzangu, "Vunjeni hizo mbao."

Kesho yake alinikabidhi michoro yote ya ghala, na malipo yangu yakapanda. Nilidhani sasa hofu itaisha. Haikuisha. Kila niliposimamisha kazi, magoti yalitetemeka vilevile. Nadhani walinilipa ili niseme huku natetemeka.

Ukishaamua, nipigie simu.

Babu yako,
Masanja