Marehemu Baba Mkwe Ukutani

Mwenzangu, leo nimeumbuka.

Si unaikumbuka ile picha yangu ya sebuleni? Ukiwa mlangoni unaona uso wa mzee, ukisogea unakuta ni wanawake wawili wananong'onezana.

Mama mkwe kaja, kafika mlangoni tu, machozi yakamtoka. "Mwanangu, umemtundika marehemu mume wangu."

Marehemu. Picha nimenunua dukani.

Mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Mama, si baba huyo. Sogea uone." Tena nikamshika mkono, nikamsogeza mwenyewe.

Akawatazama wale wanawake weee. Mume wangu kaganda na kikombe cha chai mdomoni.

Mama akafuta machozi. "Basi ni yeye kabisa. Kichwani mwake hamkuwahi kuwa na kingine."