Pampu ya Mlangoni

Mama Kavetsa,

Maziwa yamechemka, yafunike. Nimeenda Kapseret kwa miguu, baiskeli haina upepo. ~~Pampu nimeing'oa kabisa.~~ Pampu nimeirudisha mlangoni, usiiguse. Mlango ukijifunga, hewa inabanwa ndani ya pampu na kutoka polepole kwa kile kitundu chake, mlango haugongi, ndio maana Kavetsa alikuwa hashtuki usingizini.

Asubuhi niliitoa nijaze gurudumu tu. Nilifikiri haina kazi tena, hii ni wiki ya tatu tangu tumzike. Mlango ukagonga, nawe ukatoka jikoni mbio kwenda kumbembeleza. Halafu ukaniangalia vile uliniangalia.

Usidhani nimesahau. Mlango ulipogonga, hata mimi nilisimama na pampu mkononi, nikingoja alie.

Baba Kavetsa